Kuchagua Cheni na Sproketi Zinazolingana na Pikipiki Yako

Utangulizi

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, pikipiki ni chombo cha kazi kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Ndiyo inayomfikisha mgonjwa kwenye kituo cha afya, inayotoa mpunga na pamba mashambani, na inayobeba mifuko ya mawe kutoka kwenye maduara hadi kwenye makarasha na mialo ya kuchenjulia dhahabu. Mtu aliyewahi kufika Mwakitolyo, Nyarugusu, Rwamgasa au Mgusu anajua kwamba shughuli nyingi za maeneo hayo hutegemea magurudumu mawili.

Nguvu yote ya injini hulifikia gurudumu la nyuma kwa njia moja tu: cheni. Cheni ikikatika pikipiki ikiwa katika mwendo, yanaweza kutokea mambo matatu. La kwanza na jepesi kuliko yote ni kusimama njiani. La pili ni cheni kujikunja mbele na kupasua kasha la injini, hasara ambayo matengenezo yake hugharimu mara nyingi zaidi ya bei ya cheni. La tatu ni cheni kunasa na kulifunga gurudumu la nyuma ghafla, jambo linaloweza kumwangusha dereva pamoja na abiria wake.

Si kila cheni inayoharibika mapema ni bandia. Cheni iliyotengenezwa vizuri nayo huisha upesi, huruka au hukatika ikifungwa juu ya sproketi isiyolingana nayo. Kwa hiyo mnunuzi anapaswa kujiuliza maswali mawili: je, bidhaa hii ni nzuri? Na je, inaoana na pikipiki yangu? Somo hili linahusu zaidi swali la pili, kwa kuwa ndilo linalosahaulika dukani.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mtumiaji ataweza:
- kusoma namba zilizogongwa kwenye cheni na kueleza maana yake;
- kulinganisha sproketi mpya na ya zamani kabla ya kulipa;
- kuamua idadi ya meno inayofaa kazi yake;
- kupima kama cheni aliyonayo imekwisha;
- kudai haki yake endapo ameuziwa kifaa kisichofaa.

1. Sehemu zinazohusika

Sproketi ya mbele ni ile ndogo iliyofungwa kwenye mhimili unaotoka katika giaboksi. Sproketi ya nyuma ni ile kubwa iliyofungwa kwenye gurudumu. Cheni huziunganisha zote mbili. Yenyewe imeundwa kwa pingili nyingi, na kila pingili ina mabamba ya pembeni, pini zinazoshika mabamba hayo, na rola zinazozunguka juu ya pini. Rola ndizo zinazokaa katika mabonde yaliyo kati ya meno ya sproketi.

Kutokana na maelezo hayo, vipimo vitatu ndivyo vinavyoamua kama cheni itakaa vizuri juu ya sproketi: umbali kutoka pini moja hadi nyingine, upana wa ndani kati ya mabamba mawili, na unene wa rola. Kimoja kati ya hivyo kikitofautiana, vifaa haviwezi kufanya kazi pamoja, hata kama kwa macho vinaonekana kufanana.

2. Namba za cheni na maana yake

Watengenezaji wa cheni duniani hutumia namba za pamoja. Namba hizo hugongwa kwenye mabamba ya cheni na huandikwa pia kwenye boksi lake. Pikipiki nyingi za injini ndogo, zikiwamo zile za kubebea abiria, hutumia cheni ya namba 428 au 420. Pikipiki kubwa zaidi huweza kutumia 520. Vipimo vyake ni hivi:

- Namba 420: umbali wa pini mm 12.7, upana wa ndani mm 6.35.
- Namba 428: umbali wa pini mm 12.7, upana wa ndani mm 7.94.
- Namba 520: umbali wa pini mm 15.875, upana wa ndani mm 6.35.

Mnunuzi aziangalie kwa makini 420 na 428. Umbali wa pini ni uleule, na kwa sababu hiyo mtu akizilaza ubavu kwa ubavu ataona pingili zinakwenda sambamba na kudhani kwamba ni kitu kimoja. Lakini upana wa ndani na unene wa rola ni tofauti. Cheni ya 420 haiwezi kukaa sawasawa juu ya sproketi ya 428, kwa kuwa jino la sproketi hiyo ni nene kuliko nafasi iliyopo. Kinyume chake ni hatari zaidi, kwa sababu cheni ya 428 huingia juu ya sproketi ya 420 bila tabu yoyote. Fundi huifunga, pikipiki huondoka, na mteja huridhika. Lakini cheni hiyo hucheza upande huu na huu, rola hazikai vema katika mabonde, na meno huliwa kwa haraka. Kuingia, basi, si dalili ya kulingana.

Mara nyingi namba hufuatwa na herufi H, kwa mfano 428H. Herufi hiyo huonyesha kwamba mabamba ya cheni ni manene zaidi, yaani cheni imeundwa kwa mzigo mzito. Umbali wa pini na upana wa ndani haubadiliki, kwa hiyo 428H hukaa juu ya sproketi ileile ya 428. Kwa pikipiki inayobeba mizigo, hilo ni chaguo la busara. Yapo mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, cheni ya H ni pana kidogo kwa nje, hivyo zungusha gurudumu kwa mkono baada ya kufunga ili kuhakikisha kwamba haigusi kava. Pili, kiungo cha kufungia nacho lazima kiwe cha H, kwa maana kiungo cha 428 ya kawaida kina pini fupi zisizotosha unene wa mabamba hayo.

Mwishoni huandikwa idadi ya pingili, kwa mfano 428H-118L, yaani pingili 118. Cheni ndefu kupita kiasi hupunguzwa na fundi mwenye kifaa cha kutolea pini. Cheni fupi haina dawa. Kuunganisha vipande viwili vya cheni ili kupata urefu unaotakiwa, hasa kipande kipya na kilichotumika, ni kutengeneza mahali pa kukatikia.

3. Mambo manne ya kulinganisha kwenye sproketi

Jina la pikipiki peke yake halitoshi. Chapa moja huweza kuwa na matoleo kadhaa yenye ukubwa tofauti wa injini, na hata toleo lenye jina lilelile huweza kubadilishwa na mtengenezaji mwaka hadi mwaka. Aidha, pikipiki iliyonunuliwa mkononi mwa mtu huenda ilikwisha kubadilishwa gurudumu au sproketi kabla haijakufikia. Kwa sababu hizo, njia ya uhakika ni kwenda dukani na sproketi ya zamani, kisha kulinganisha mambo haya manne:

a) Namba ya cheni. Sproketi nzuri huwa imegongwa namba ya cheni inayoikubali na idadi ya meno.

b) Tundu la katikati. Sproketi ya nyuma lazima ikae juu ya kitovu cha gurudumu bila kulegea na bila kulazimishwa kwa nyundo. Sproketi ya mbele ina mifereji ndani ya tundu lake. Hesabu mifereji hiyo na uilinganishe na ya zamani.

c) Matundu ya bolti. Linganisha idadi yake, ukubwa wake, na umbali kati ya tundu na tundu. Laza sproketi mpya juu ya ya zamani: mwanga uonekane katika kila tundu kwa ukamilifu. Usimruhusu mtu kupanua tundu kwa tupa au kwa mashine ili bolti ipite. Tundu lililopanuliwa huiacha bolti ikicheza hadi ikatike.

d) Unene na mkunjo. Baadhi ya sproketi ni bapa kabisa, nyingine zina kitovu kilichoinuka upande mmoja. Sproketi yenye mkunjo tofauti huiweka cheni nje ya mstari, nayo cheni huanza kusaga ubavu wa meno.

4. Idadi ya meno: nguvu au mwendo

Gawanya meno ya nyuma kwa meno ya mbele. Jibu ndilo uwiano. Pikipiki yenye meno 14 mbele na 42 nyuma ina uwiano wa 3.0: sproketi ya mbele huzunguka mara 3 ili gurudumu lizunguke mara 1. Uwiano ukiwa mkubwa, pikipiki huvuta zaidi lakini injini huzunguka sana katika mwendo uleule. Uwiano ukiwa mdogo, injini hupumua katika mwendo mrefu lakini huchoka mlimani na penye mzigo.

Tuchukue mfano wa madereva wawili wenye pikipiki za aina moja, zilizotoka kiwandani na meno 14 kwa 42. Wa kwanza hubeba mifuko ya mawe katika njia za vilima kuzunguka Katoro na Nyarugusu. Wa pili hupeleka abiria na vifurushi kwa barabara ya lami kati ya Kahama na Shinyanga. Wa kwanza akifunga meno 13 mbele, uwiano hupanda hadi 3.23, na nguvu ya kuvuta huongezeka kwa takriban asilimia 8. Wa pili akifunga meno 15 mbele, uwiano hushuka hadi 2.8, na injini huzunguka pungufu kwa takriban asilimia 7 katika mwendo uleule. Ikiwa madereva hao wangebadilishana sproketi, wa kwanza angeua klachi, na wa pili angechoma mafuta bure.

Badiliko la jino 1 mbele linakaribia kulingana na badiliko la meno 3 nyuma. Meno 14 kwa 45 hutoa uwiano wa 3.21, karibu sawa na 13 kwa 42. Hata hivyo, sproketi ndogo ya mbele huikunja cheni kwa ukali zaidi na kuichosha mapema. Mwenye kutaka nguvu ya kudumu huona nafuu kuongeza meno ya nyuma, akikumbuka kwamba huenda akahitaji cheni iliyozidi kwa pingili 2. Asiye na sababu maalumu ya kubadili abaki na idadi ya meno iliyoandikwa katika kitabu cha maelekezo cha pikipiki yake.

5. Je, cheni yako imekwisha?

Cheni huitwa "iliyorefuka", ingawa chuma chenyewe hakikuvutika. Kinachotokea ni kwamba pini na matundu yake vimesagika, na kila pingili imeongeza nafasi ndogo. Katika ukanda wa machimbo kazi hiyo ya kusaga huenda haraka. Vumbi la mawe meupe ya kwatzi, ambayo mara nyingi ndiyo hubeba dhahabu, ni gumu kuliko chuma cha kawaida. Likichanganyika na oili juu ya cheni hugeuka kuwa msasa. Wakati wa masika, udongo mweusi wa mbuga za Shinyanga huganda chini ya kava na kuishikilia cheni katika matope.

Kipimo chake hakihitaji karakana. Ivute cheni ya chini iwe imenyooka, kisha pima kwa rula kutoka katikati ya pini ya 1 hadi katikati ya pini ya 21. Hizo ni nafasi 20. Kwa cheni ya 420 au 428 iliyo mpya, urefu ni mm 254. Ukifika mm 259, cheni imekwisha. Rudia kipimo hicho sehemu mbili au tatu, kwa kuwa cheni haichakai sawasawa.

Ipo njia ya haraka zaidi. Shika cheni mahali inapolikumbatia gurudumu kwa nyuma kabisa, uivute kuelekea kwako. Ikiachana na sproketi hadi ukaona zaidi ya nusu ya jino, ibadilishe. Kagua pia meno: jino lililochongoka au lililopinda kama ndoana limekwisha kazi yake.

Cheni na sproketi huchakaa pamoja, na hununuliwa pamoja. Cheni mpya juu ya meno yaliyopinda huharibika ndani ya muda mfupi, na kile kilichodhaniwa kuwa akiba hugeuka kuwa gharama.

6. Hesabu ya bei

Bei ya dukani si gharama kamili. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, seti moja inauzwa Sh 21,000 na hudumu miezi 3, na nyingine inauzwa Sh 36,000 na hudumu miezi 9. Ya kwanza humgharimu mwenye pikipiki Sh 7,000 kwa mwezi. Ya pili, Sh 4,000. Bado hujahesabu ujira wa fundi mara tatu badala ya mara moja, wala siku ambazo pikipiki imelala bila kuingiza hesabu ya tajiri. Rahisi huwa ghali. Andika tarehe na kilomita kila unapofunga seti mpya, nawe utajua kwa namba zako mwenyewe ni seti ipi iliyo rahisi kwa kweli.

7. Dukani na kwa fundi

Kabla ya kulipa:
- Nenda na cheni na sproketi za zamani, au uwe umeandika namba na idadi ya meno.
- Mweleze muuzaji kwa maneno aina ya pikipiki, ukubwa wa injini na kazi unayoifanya.
- Soma namba kwenye cheni yenyewe, si kwenye boksi pekee. Namba za boksi na za cheni zikitofautiana, usinunue.
- Kunja pingili moja moja kwa vidole. Pingili iliyokakamaa katika cheni mpya ni kasoro.
- Dai risiti ya mashine ya kielektroniki, na uombe namba ya kifaa iandikwe humo. "Spea" pekee haitoshi kuthibitisha ulichouziwa.

Baada ya kufunga, kagua mambo matatu ukiwa na fundi. Kwanza, klipu ya kiungo: upande wake uliofungika utangulie kuelekea cheni inakokwenda, ili kitu chochote kikiigusa kisiichomoe. Pili, mstari: alama za kurekebishia gurudumu zilingane kushoto na kulia. Tatu, ulegevu: kwa pikipiki nyingi ndogo, cheni ya chini ipande na kushuka kwa mm 20 hadi 30 katikati, kipimo cha kitabu cha pikipiki yako ndicho kinachotawala. Cheni iliyokazwa kupita kiasi si salama zaidi. Mzigo ukipakiwa, springi hushuka na cheni hukazika zaidi. Isipokuwa na nafasi, huvuta beringi na pini hadi ziharibike. Mbebaji wa mizigo apime ulegevu pia pikipiki ikiwa imepakiwa.

8. Haki za mnunuzi

Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa (Sura ya 214), mnunuzi akimfahamisha muuzaji wa bidhaa za aina hiyo kazi anayoikusudia, na akategemea ujuzi wa muuzaji katika kumchagulia, bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Ndiyo maana somo hili limesisitiza kusema kwa maneno na kuandikisha kwenye risiti. Mteja aliyesema "nipe cheni" amejiachia mzigo wote. Mteja aliyesema "nipe cheni ya pikipiki hii, yenye sproketi hii, ya kubebea mizigo", akapewa isiyofaa, ana hoja.

Ukigundua kasoro, usiendelee kuitumia bidhaa. Ihifadhi pamoja na boksi na risiti, urudi kwa muuzaji mapema, na uombe kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Msipoelewana, malalamiko kuhusu bidhaa bandia na udanganyifu wa kibiashara hupelekwa Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003. Malalamiko kuhusu ubora wa bidhaa hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Kumbuka kwamba cheni halisi iliyofungwa mahali pasipo pake si bidhaa bandia. Hakikisha kwanza kwamba kosa si la uchaguzi.

Muhtasari

Usichague kwa macho wala kwa jina la pikipiki pekee. Soma namba, hesabu meno, linganisha matundu, nunua seti kamili, na uandikishe ulichonunua. Dakika kumi za kulinganisha dukani ni nafuu kuliko usiku mmoja porini ukiwa na abiria na cheni iliyokatika.

Maswali ya kujipima

1. Cheni ya 428 imeingia bila tabu juu ya sproketi ya 420. Je, zinalingana? Eleza.
2. Pikipiki ina meno 15 mbele na 45 nyuma. Uwiano wake ni upi?
3. Umepima nafasi 20 za cheni ya 428 ukapata mm 260. Utafanya nini?
4. Kwa nini kiungo cha 428 hakifai kufungia cheni ya 428H?

Majibu

1. Hazilingani, upana wa ndani na unene wa rola ni tofauti, nayo cheni itacheza pembeni na kula meno.
2. Uwiano ni 3.0.
3. Cheni imekwisha, ibadilishe pamoja na sproketi zote mbili.
4. Pini zake ni fupi, kwa kuwa mabamba ya 428H ni manene zaidi.